Kiwanda cha ethanoli: tunakutana Jumamosi

Habari zenu wahandisi, poleni na majaribio.

Msimamizi anataka ripoti ya usanifu wa kiwanda mezani kwake Jumatatu saa 4 asubuhi, si Ijumaa kama tulivyodhani. Kikao cha Jumapili kimefutwa. Tukutane Jumamosi saa 3 asubuhi, maktaba mpya pale Mlimani. Njoo na laptopu iliyojaa chaji, soketi tutagombania.

Kazi zilizobaki:

1. Hesabu za masi, yaani uzito wa vinavyoingia na vinavyotoka (mimi na Neema). Kilo 1 ya glukosi haiwezi kutoa zaidi ya kilo 0.51 za ethanoli. Jedwali letu linasema 0.58! Hata hamira ya miujiza haifiki huko. Tukirekebisha hapa, ukubwa wa matangi ya kuchachushia nao utabadilika, kwa hiyo Juma usichore tangi lolote hadi nikutumie namba mpya.

2. Mnara wa kukeneka, yaani kutenganisha ethanoli na maji kwa kuchemsha (Baraka). Kwa kanieneo ya kawaida unakwama kwenye ethanoli ya asilimia 95.6 kwa uzito. Ili tufike 99.5 tuliyoahidi, ongeza hatua ya zeolaiti (madini yenye vitundu vidogo sana) ya kunyonya maji yaliyobaki, na gharama yake iingie kwa Rehema.

3. Gharama na usalama (Rehema). Usisahau maji taka yanayobaki baada ya kuchachusha molasi (masalia mazito ya kiwanda cha sukari). Nina hakika tutaulizwa.

Mchango wa kuchapa na kujalidi ni Sh 8,000 kila mtu, umfikie mweka hazina kabla ya Ijumaa saa 12 jioni.

Tafadhali jibu "NIPO" au "SIPO" leo kabla ya saa 3 usiku. Alama ya dole gumba siihesabu.