Zabuni za umma ziulize fomati kabla ya bei

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako nichangie suala la ununuzi wa programu za kompyuta katika ofisi za umma. Kila mjadala huu unapozuka, mabishano huishia kwenye bei: hawa wanasema programu za leseni ni ghali mno, wale wanajibu kwamba programu huria, yaani zile ambazo msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma na kuubadilisha, hazina wa kumdai pindi mambo yakiharibika. Kwa maoni yangu, swali linalostahili kutangulia ni kama muundo (fomati) wa faili zinazohifadhi kumbukumbu za wananchi umechapishwa mahali ambapo fundi yeyote anaweza kuusoma.

Jimbo la Massachusetts, Marekani, liliuliza swali hilo mwaka 2005 lilipoamua kwamba nyaraka za serikali yake zihifadhiwe katika fomati huria ya ODF, ambayo mwaka uliofuata ilipitishwa na shirika la viwango la ISO. Microsoft, inayouza programu za ofisi za Office zilizokuwa na fomati zake zenyewe, haikukaa kimya. Ilipeleka fomati yake yenyewe, OOXML, ikiwa na maelezo ya kurasa zaidi ya 6,000, ikakwama katika kura ya ISO ya Septemba 2007, kisha ikapita mwaka 2008 licha ya rufaa za Afrika Kusini, Brazil, India na Venezuela. Massachusetts yenyewe ilikuwa imekwisha kuikubali OOXML. Wapo wanaosimulia kisa hiki kama ushindi wa kampuni, lakini mimi sikioni hivyo. Mwaka huohuo wa 2008 kampuni hiyo iliweka mtandaoni, kwa yeyote atakaye, maelezo ya faili zake za zamani za .doc, na mwaka 2009 Office 2007 ikaanza kufungua na kuhifadhi ODF. Muuzaji mkubwa kiasi hicho hasogei pasipo wanunuzi kumsukuma.

Hapa kwetu wanunuzi hatusukumi. Katika taasisi moja niliyoitumikia, programu ya kumbukumbu za watumishi ilinunuliwa kwa kampuni ndogo ambayo baadaye ilifunga ofisi, na kompyuta ilipokufa tukabaki na nakala ya faili ambazo hakuna programu nyingine iliyoweza kuzifungua. Vijana wa masjala walirudia majalada ya karatasi, wakaingiza upya kwenye lahajedwali tarehe za kuajiriwa na vyeo, jalada baada ya jalada, huku wastaafu wakisubiri mafao yao.

Wala nisieleweke kwamba neno “huria” linatosha. Mzabuni anaweza kuchukua programu huria, akaibadilisha apendavyo, akashika peke yake nywila za hifadhidata, nasi tukawa tumefungwa vilevile. Kinyume chake ni mfumo wa DHIS2, unaoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo na wenye asili yake Afrika Kusini, ambao Tanzania na Kenya zinautumia kukusanya takwimu za vituo vya afya: msimbo wake uko wazi, njia ya kuchota takwimu imeandikwa hadharani, na watu wetu wenyewe wamejifunza kuuendesha. Gharama zipo, za seva na za mafunzo, na anayedai ni wa bure anadanganya.

Ninachoomba mamlaka za ununuzi ni sharti moja katika kila zabuni ya mfumo, uwe wa leseni au huria: kabla ya malipo ya mwisho, mzabuni atoe data zote katika fomati iliyochapishwa, na mtaalamu asiye wa kampuni hiyo azifungue kwa programu nyingine mbele ya kamati ya mapokezi. Zisipofunguka, hundi isisainiwe.

Mtunza kumbukumbu mstaafu,
Morogoro