Rehema, ratiba hiyo ipunguze kabla ya Jumatatu

Tanga, mwishoni mwa Agosti

Rehema mwenzangu,

Salaam nyingi. Huku hatujambo, upepo wa kusi bado unavuma, samaki hawashikiki bei, na Bi Tatu anauliza khanga zake zimefika au bado. Mengine nitakuandikia siku nyingine, maana picha ya ratiba uliyonitumia juzi, ya kuwasomesha wanao lugha nyumbani, imenikaa rohoni na masomo yenu yanaanza Jumatatu.

Nimeipigia hesabu. Sarufi ya Kiingereza dakika 45, insha ya Kiingereza dakika 45, halafu vivyo hivyo kwa Kiswahili. Hizo ni saa tatu kwa siku, saa kumi na tano kwa wiki, na mtoto hajagusa hesabu wala sayansi. Salma ana miaka 12, atajikaza wiki mbili tatu. Idi hafiki Alhamisi. Nuru wala usimtie humo kabisa, nitakueleza.

Najua hofu yako inatoka wapi. Huko kwenu Marekani, jimbo la Pennsylvania, wanaosomesha nyumbani wanatakiwa siku 180 za masomo, wanatakiwa faili la kazi za mtoto, na mwisho wa mwaka mtathmini alipitie aone kama mtoto amesonga mbele. Lakini faili halipimwi kwa kilo. Hati ya kiapo umeshaipeleka kabla ya tarehe 1 Agosti, kwa hiyo kilichobaki ni kazi yenyewe, na kazi nzuri ya lugha haitaki saa tatu.

Jambo kubwa ninalotaka ulishike ni hili: sarufi na insha usizipange kama masomo mawili yasiyojuana. Insha ya wiki hii ndiyo ikuchagulie sarufi ya wiki ijayo. Ukifuata kitabu cha sarufi ukurasa kwa ukurasa, Salma atajaza mapengo yote sawasawa, kisha Ijumaa ataandika makosa yale yale. Kujaza pengo anajua, kwa sababu kichwa cha zoezi kimeshamwambia anatafutwa nini. Kwenye insha hakuna wa kumwambia.

Nionavyo mimi, wiki iende hivi. Sarufi iwe asubuhi, fupi, dakika 20 kwa Salma na 15 kwa Idi. Jumatatu na Jumatano sarufi ya Kiingereza, Jumanne na Alhamisi ya Kiswahili, Ijumaa hakuna. Sarufi za lugha mbili zisikutane siku moja, kwa kuwa mtoto huibeba kanuni ya huku akaipeleka kule. Ndiyo maana Idi anaandika «ni na penda» vipande vitatu: macho yake yamezoea Kiingereza, ambako mtenda husimama peke yake. Huo si uvivu, na ukimgombeza hataelewa kosa lake ni lipi.

Insha iwe moja tu kwa wiki, na lugha zipokezane: wiki hii Kiingereza, wiki ijayo Kiswahili. Jumatatu ni mdomo tu. Mtoto anasimulia anachotaka kuandika, wewe unamuuliza, naye anaorodhesha mambo matano au sita kwa maneno mawili mawili. Dakika 15 zinatosha. Jumanne anaandika rasimu kwa kalamu ya wino, anaruka mstari mmoja kila baada ya mstari, na hafuti kitu. Akikosea anakata kwa mstari mmoja na kuendelea. Salma dakika 25, Idi 15, hata kama hajamaliza. Jumatano insha ilale. Alhamisi ni kurekebisha, Ijumaa kunakili safi.

Hiyo Jumatano usiijaze. Mtoto akisoma rasimu yake saa ile ile aliyoiandika, anasoma kilicho kichwani, hasomi kilicho kwenye karatasi. Neno lililorukwa halioni. Siku moja ikipita, anaisoma kama kazi ya mtu mwingine. Ndiyo maana pia Alhamisi lazima asome kwa sauti, kidole kikifuata mstari. Pale ulimi unapokwama, aweke nukta ya penseli pembeni na kuendelea. Kurekebisha kuje baada ya kufika mwisho.

Sasa nichukue ile sehemu ya Salma uliyonipigia picha. Ameandika: «Jumamosi tulienda kwa nyumba ya shangazi ambaye anayeishi Philadelphia. Tulifika saa kumi asubuhi. Viatu yangu ililowa.» Wewe umezungusha kila kitu kwa wino mwekundu, nikahesabu miduara saba. Mtoto akiona miduara saba katika mistari mitatu, anachojifunza ni kuandika mistari miwili.

Chagua aina mbili tu za makosa kwa kila insha. Hapa mimi ningechagua «viatu yangu ililowa» na hilo la saa. La kwanza kwa sababu upatanisho unagusa karibu kila sentensi atakayoandika maishani, la pili kwa sababu linarekebishika kwa dakika tano: saa nne asubuhi, mwoneshe kwenye saa ya ukutani, mshale ukiwa kwenye 10 sisi tunasoma nne. Usimzungushie. Weka nukta pembeni ya mstari tu, yeye atafute kosa liko wapi. Makosa yaliyobaki, «ambaye anayeishi» na «kwa nyumba ya», usiyaguse. Yaandike kwenye daftari lako wewe, na tarehe. Hilo daftari ndilo kitabu chako cha sarufi.

Basi Jumanne inayofuata somo lako la Kiswahili limeshajipanga. Andika nomino nne za KI-VI: viatu, vyombo, viti, vitabu. Salma aipe kila moja neno la kumiliki, la kuonesha, la idadi na kitenzi: viatu vyangu vile viwili vimelowa. Halafu arudishe umoja: kiatu changu kile kimoja kimelowa. Jozi nne, basi. Alhamisi mpe sentensi tano zenye makosa ya aina hiyo hiyo, uzitunge mwenyewe kutokana na mambo ya nyumbani kwenu, azisahihishe. Kinachoharibu somo hili ni mama kujisahau na kumwaga yote: mara kifaru na kiboko wanachukua A-WA kwa sababu ni viumbe hai, mara shangazi yangu amefika, shangazi zangu wamefika. Ni kweli yote, lakini yana wiki yake. Akiyapata pamoja ataanza kuandika «viatu wangu», na utashangaa limetoka wapi.

«Ambaye anayeishi» liwekee wiki ya tatu. Mpe kanuni kwa ufupi: kirejeshi kimoja kinatosha. Ama «shangazi ambaye anaishi», ama «shangazi anayeishi». Mpe sentensi sita za amba- azigeuze ziwe bila amba-, siku ya pili azirudishe. Hilo kosa hata watangazaji wa redio huku wanalo, usimwone Salma peke yake.

Idi mwanzie kwenye vitenzi vifupi, kwa sababu nimeona «mimi hakuli samaki». Wiki nzima iwe ya kula: ninakula, nilikula, nitakula, nimekula, upande wa pili sili, sikula, sitakula, sijala, halafu nikila. Aone mwenyewe -ku- inapobaki na inapoondoka. Wiki ya pili kuja, ya tatu kunywa. Usimpe vyote vitatu kwa mkupuo. Dakika 15 zikiisha, funga daftari hata kama anataka kuendelea. Kesho yake atakuja na hamu.

Imla isahau kama somo, ichomeke Ijumaa, dakika 10. Imla za lugha hizi mbili si sawa. Ya Kiingereza inataka orodha, maneno manane au kumi, kwa sababu tahajia yake haitabiriki na lazima macho yazoee. Ya Kiswahili orodha haikusaidii kitu. Soma aya ya mistari mitatu, umtegee ng'ombe na ngoma, dhahabu na thamani, na maneno yanayounganishwa na yasiyounganishwa: «ninapokwenda» ni moja, «kwa hiyo» ni mawili. Soma kwa kasi ya kawaida mara moja, halafu kipande kipande, halafu mara ya mwisho yote.

Nuru ana miaka sita. Sarufi hana, insha hana. Akusimulie jambo, wewe uandike sentensi moja aliyoisema, yeye ainakili chini yake. Dakika 10, mara nne kwa wiki, basi. Ukiona herufi za mwisho zinaanza kulala na kupanda, mkono umechoka, mwachishe. Kama bado hajaanza kusoma, mwanzie kwa silabi za Kiswahili, ba be bi bo bu, kwa kuwa irabu zetu tano hazibadiliki sauti. Akishajua kwamba herufi hutoa sauti, vituko vya Kiingereza atavivumilia.

Jumla yake kwa Salma, na lugha zote mbili humo: sarufi dakika 80, insha kama 90 pamoja na kunakili, imla 10. Ni saa tatu kwa wiki nzima, zile zile ulizokuwa unazitaka kwa siku moja. Muda uliobaki wasome vitabu. Mtoto asiyesoma hana cha kuandika, umpangie ratiba gani.

Mwaka nao ugawe. Siku 180 ukienda siku tano kwa wiki ni wiki 36. Zikate mafungu sita ya wiki sita sita. Wiki ya sita ya kila fungu isiwe na insha mpya: Salma achague insha moja ya zamani aiandike upya yote, na sarufi iwe ya kurudia yale ya kwenye daftari lako tu. Hapo utapata insha 30, kumi na tano kila lugha. Nyingi mno, na bado hujamchosha mtu.

Kwa ajili ya faili, kila insha ya Ijumaa ibanwe pini na rasimu yake nyuma, tarehe juu ya zote mbili. Mtathmini akiona viatu vilivyokuwa vibaya Septemba vimenyooka Machi, hahitaji maelezo. Usimpe karatasi safi peke yake, haioneshi mtoto ametoka wapi. Na majina ya vitabu wanavyosoma yaandike siku ile ile wanapovisoma, kwani sheria inataka kumbukumbu ya wakati huo huo. Ukiacha mpaka Juni utakesha. Idi si yuko darasa la tatu mwaka huu? Basi ana ule mtihani sanifu wa kusoma na hesabu, kama walio darasa la tano na la nane. Insha zake mbili za kwanza baada ya mwaka mpya, Januari, ziwe za Kiingereza mfululizo, azoee.

Wiki zitakatika, hilo ulitegemee. Mtu ataugua, wageni watakuja, theluji itafunga barabara na Idi atashinda dirishani. Ikipotea siku moja, toa imla. Zikipotea mbili, insha ihamie wiki ijayo pale pale ilipoishia, na sarufi iendelee. Usifidie kwa kubana mambo mawili Ijumaa, wala usiwaguse Jumamosi. Jumamosi wana chuo cha Kurani, na mkono uliotoka kuandika kutoka kulia kwenda kushoto uuache upumzike.

Jambo moja nakuomba, si ushauri. Wiki za Kiswahili, Ijumaa, wamsomee bibi yao insha kwa simu. Saa nne asubuhi yenu sasa ni saa kumi na moja jioni huku, na mkirudisha saa nyuma Novemba itakuwa saa kumi na mbili, karibu na magharibi, kwa hiyo mpigie mapema kidogo. Mtoto anayejua bibi atamsikiliza haandiki «nilifurahi sana» mara nne. Na bibi atauliza maswali ambayo wewe huwezi kuuliza, kwa kuwa wewe ulikuwepo na yeye hakuwepo. Atataka kujua shangazi aliwapikia nini, na viatu vililowea wapi. Salma akirudi kwenye karatasi kuyaongeza, hapo ndipo anapojifunza kuandika.

Sasa nijibu. Salma anaandika vizuri zaidi akipewa kichwa cha insha au akijichagulia? Idi anashikaje kalamu, bado ile ngumi? Baba Salma anaweza kuchukua Alhamisi, ya kusikiliza tu wakisoma kwa sauti, au zamu zake za usiku bado? Kile kitabu cha sarufi ulichokinunua kina majibu nyuma? Mwanaidi naye anataka kuanza na wanawe, nimpe namba yako au usumbufu? Na khanga za Bi Tatu, jamani, zimefika?

Niandikie kabla ya Jumatatu, hata mstari mmoja.

Wako,
Mama Faridi