Soma Orodha ya Masomo Kabla ya Kuchagua Chuo

Wateja wetu wengi wanaotaka kusoma nje ya nchi hufika ofisini wakiwa wameshachagua nchi, hata chuo, ilhali orodha ya masomo ya kozi yenyewe hawajaifungua. Sisi huanzia hapo. Shahada ya uzamili ya kitaalamu katika biashara ya kilimo na usimamizi wa chakula humwandaa mtu kuendesha kazi: fedha, masoko, mnyororo wa thamani, usalama wa chakula, masharti ya kuuza nje. Ile ya utafiti humpeleka kwenye tasnifu, na pengine uzamivu. Majina ya kozi hizi huweza kufanana, hivyo yasikupumbaze. Tafuta palipoandikwa mafunzo kazini au mradi wa kampuni, uone vimepewa krediti ngapi. Katika ECTS, mfumo wa Ulaya wa kuhesabu krediti za masomo, mwaka mzima wa masomo ni krediti 60. Mafunzo kazini ya krediti 30 ni nusu mwaka kamili.

Uingereza, uzamili mara nyingi ni mwaka 1. Kwenye vyuo vikuu vya Wageningen kule Uholanzi na Hohenheim kule Ujerumani ni miaka 2. Mwaka mmoja unapunguza gharama, lakini kwa mtu ambaye hajawahi kufanya kazi katika sekta hii, sisi hushauri miwili.

Kazi kubwa zaidi huwa kwenye barua ya maombi. "Tangu utotoni napenda kilimo" haimwambii msomaji lolote. Mtu aliyewahi kupokea maziwa kwenye kituo cha kukusanyia ana mengi ya kusema: gari lilichelewa saa ngapi, makopo gani yalikataliwa baada ya kupimwa, hasara ilimwangukia nani, na ni somo gani katika kozi hiyo litakalomsaidia kuizuia. Aya moja ya namna hiyo tunaithamini kuliko kurasa mbili za sifa.

Matokeo ya IELTS, mtihani wa Kiingereza, huisha muda baada ya miaka 2, kwa hiyo usiharakishe mtihani. Kuhusu viza ya Uingereza, mwombaji anayetakiwa kuonyesha fedha lazima kiasi kinachohitajika kikae kwenye akaunti siku 28 mfululizo. Salio likishuka chini ya kiwango hata siku moja, ombi linaweza kukataliwa, na inauma sana kwa mtu ambaye chuo kilishampokea.

Ukija kwetu, leta nakala ya matokeo yako, pasipoti, na kozi mbili ulizozipenda. Tutazisoma pamoja kabla hujalipa ada ya maombi popote.