Tango la Usiku wa Manane

Mwanangu mpendwa,

Barua yako kutoka Vadodara, huko Gujarat, India, imenifikia, pamoja na swali lako kuhusu mwenzako wa chumbani, mtu wa Mathura, mji wa kaskazini mwa India, ambaye usiku wa Janmashtami, sikukuu ya Wahindu ya kuzaliwa kwa mungu Krishna, alichukua tango bichi lenye kikonyo chake, akangoja hadi saa sita kamili, kisha akakikata kikonyo kwa uangalifu mkubwa. Nimecheka uliposema ulidhani anatengeneza kachumbari. Hapa nyumbani Dar es Salaam hatuna desturi hiyo, kwa hiyo si ajabu kwamba hukuijua.

Kikonyo kile ni mfano wa kitovu cha mtoto mchanga. Krishna alizaliwa usiku wa manane gerezani, huko huko Mathura, ambako mjomba wake, mfalme Kansa, alikuwa amewafungia Devaki na Vasudeva baada ya kutabiriwa kwamba mtoto wao wa nane ndiye atakayemuua. Watu wa kaskazini basi humfanyia Krishna lile ambalo mkunga humfanyia mtoto yeyote. Mengine yote yanafuata hapo: sanamu yake ndogo huogeshwa kwa maziwa, mtindi, samli, asali na sukari, hukaushwa, huvikwa nguo mpya na kulazwa kwenye susu, na kila aliyepo, hata kikongwe asiyeweza kusimama, hupewa zamu ya kuvuta kamba ambembeze. Usiku huo mmoja Mungu ni mtoto mchanga, nasi ndio walezi wake.

Saumu nayo huingoja saa hiyo hiyo. Anayefunga hagusi nafaka. Hujishikiza kwa matunda, maziwa na viazi. Nilipokuwa mdogo usingizi ulinishinda kabla ya wakati, bibi akaniamsha kwa kunipaka mtindi wa baridi mdomoni huku kengele zikilia, nikaangua kilio, nikabembelezwa pamoja na Krishna.

Ulishangaa pia kwamba siku iliyotangulia mama mwenye nyumba hakuwasha jiko. Hiyo ni Shitala Satam: Wagujarati hupika siku ya sita ya kiza (nusu ya mwezi ambapo mwezi hupungua) katika Shravan, mwezi wa kalenda ya Kihindu, na siku ya saba hula chakula kikiwa baridi, kwa heshima ya Shitala, mungu wa kike ambaye tangu zamani huombwa awakinge watoto na ndui. Karata za pesa zinazochezwa siku hizo sizipendi, hata kama wajomba zako watakuambia ni mila. Na ukialikwa Mumbai, katika sherehe hizo hizo za Krishna, kupanda mnara wa watu ili kuvunja chungu cha mtindi kilichoning'inizwa juu ya barabara, nenda ukatazame ukiwa chini.

Muulize mwenzako kama kwao kikonyo hukatwa kwa kisu au kwa sarafu, maana nimesikia yote mawili, na mwakani nataka tukate la kwetu.

Akupendaye,
Mama yako