Mama akisema "moto inapandaka mu kichwa" msimcheke

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako, najua barua ndefu huwa mnazipunguza ila hii naomba muivumilie. Majuzi mlitoa barua ya msomaji aliyeuliza Wakongomani waliochukuliwa kambini Nyarugusu wakapelekwa Marekani wanalia nini tena, maana nyumba wanazo, umeme upo, watoto wanasoma, sasa hayo ya kwenda kuongea na wanasaikolojia kila wiki si kudeka tu. Sina ugomvi na ndugu yangu huyo, wapo wengi wanaofikiri kama yeye na mimi zamani nilikuwa humohumo. Ila mimi ni mzaliwa wa Ujiji, niko huku Marekani nimeolewa, na mwaka wa tisa sasa kazi yangu ni ukalimani wa Kiswahili hospitalini, siku nyingi nakaa chumba kimoja na mgonjwa na mtaalamu wa afya ya akili, huyu anasema Kiswahili yule anasikiliza Kiingereza na katikati niko mimi. Naomba niseme ninachokiona.

Kwanza tukumbushane hawa ni watu gani. Nyarugusu ilifunguliwa 1996 kule Kasulu, vita vya Kongo vilipowavusha watu wa Fizi na Uvira ziwa Tanganyika, sisi wa Ujiji tuliwaona wanashuka, mwingine na godoro, mwingine na mtoto mgongoni basi. Mtoto aliyezaliwa kambini mwaka ule leo ana watoto wake. Miaka 20 na kitu unakaa mahali ambapo kutoka ni mpaka kibali, chakula cha mgao kinapungua, alafu unaanza kuitwa kwenye usaili wa kupelekwa Marekani, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, na kila mara unaulizwa upya nani aliuawa, ulimuona kwa macho yako au uliambiwa, ilikuwa mwezi gani, na ukichanganya tarehe unaogopa faili litarudishwa nyuma. Sasa mtu huyo anafika huku anawekwa kwenye kiti mbele ya mtu mwenye kalamu anaambiwa "nieleze historia yako". Yeye anajua ni usaili mwingine. Anajibu kama alivyojibu kambini, kwa mpangilio uleule, sauti imekauka, na mtaalamu asiyejua anaandika kwamba mgonjwa haonyeshi hisia.

Nieleze lililonibadilisha mimi, nimegeuza vitu vidogovidogo ili mwenyewe asijulikane. Mama mmoja wa makamo, wa kabila la Wabembe wa Fizi, alikuwa anakuja kila mwezi na kila mwezi anasema neno moja: "Moto inatokaka mu tumbo, inapandaka mu kichwa." Mimi na Kiswahili changu cha Ujiji nikamtengenezea, nikamwambia daktari kwa Kiingereza ana kiungulia na kichwa kinauma. Nilijua nimefanya kazi safi kabisa. Akapewa vidonge vya tumbo, akarudi moto bado, akapigwa picha ya tumbo haikuonekana kitu, miezi mitano ikakatika hivohivo. Alafu akaja mtaalamu mpya, dada Mmarekani kijana tu, akaniambia kabla hatujaingia ndani, leo naomba usimtengenezee, niletee maneno yake yalivyo hata kama kwa Kiingereza hayakai vizuri. Nikampa: moto unatoka tumboni unapanda mpaka kichwani. Yule dada hakuuliza moto gani, aliuliza unaanza saa ngapi. Mama akanyamaza muda mrefu, akasema, usiku, simu ikiita. Maana saa tano usiku ya huku ni asubuhi ya Kasulu, na simu ya saa hizo ndiyo ilimletea habari ya kifo cha kaka yake, na binti yake mkubwa bado yuko kule kambini. Simu yenyewe ilikuwa pale mezani, kioo kimepasuka pembeni, ameilaza kifudifudi. Miezi mitano alikuwa anailaza hivo kila tukikaa na mimi sikuwahi kujiuliza kwanini.

Kwa hiyo jambo langu kubwa kwenye barua hii linatuhusu sisi wenyewe, Watanzania na Wakenya tunaopewa kazi hizi kwa sababu tu kwenye fomu mgonjwa ameandikwa anaongea Kiswahili. Tunakicheka Kiswahili cha Mkongomani, tunakisahihisha. Nimekaa chumba ambacho mwanamke anaeleza alivyobakwa na mkalimani anatabasamu kwa sababu kasikia "mu nyumba". Mgonjwa akishaona lile tabasamu basi, anafunga mdomo, atakujibu ndiyo, hapana, iko sawa tu, mpaka saa yake iishe aende nyumbani na mzigo wake.

Na hapa naongelea tiba, adabu peke yake haitoshi. Chukua neno kusikia. Sisi wote tunasikia njaa, tunasikia baridi, tunasikia uchungu na masikio hayahusiki kabisa. Mzee mmoja alisema "mutoto yangu namusikiaka mu roho", mtoto mwenyewe alishafariki, yani bado namhisi moyoni, mzazi gani asingesema hivo. Mkalimani wa kwenye simu akatafsiri kwamba anamsikia mtoto wake marehemu. Kwenye faili ikaingia kwamba mzee anasikia sauti, yakaanza mazungumzo ya dawa za ugonjwa mwingine kabisa, mpaka binti yake anayejua lugha zote mbili alipouliza mbona baba kaandikiwa hivi.

Au muulize mtu "una huzuni?", wengi watakwambia hapana, nyumbani hakuna msiba. Muulize "una mawazo mengi?" hapo utakaa mpaka jioni. Kuna fomu ilitengenezwa Seattle kwa ajili ya wakimbizi, ina maswali 15, na walioitunga walifikiri vizuri maana swali la kwanza ni maumivu ya misuli, mifupa na viungo, na mawazo mengi nayo yamo. Hata kile kitabu kikubwa cha madaktari wa akili wa Marekani, toleo la 2013, kimewekewa maswali 16 ya kumuuliza mgonjwa yeye mwenyewe shida yake anaiitaje na watu wa nyumbani kwake wanaionaje. Ni maswali mazuri mno, ila kwa miaka yangu yote tisa nimeyasikia yakiulizwa mara chache sana, daktari ana haraka, mgonjwa wa pili yuko nje.

Alafu kuna suala la nani yuko chumbani. Huku hospitali zinazopokea hela ya serikali zinatakiwa kumpa mgonjwa mkalimani bure, msingi wake ni sheria ya haki za raia ya 1964, na kumtumia mtoto kama mkalimani hairuhusiwi ila dharura. Lakini nimemkuta mtoto wa darasa la tano anatafsiria mama yake. Hebu fikiria mama huyo atasema nini kilichompata Fizi, kupitia mdomo wa mwanae? Na hata mkalimani mtu mzima anaweza akawa anasali kanisa moja na mgonjwa, au akawa wa kabila ambalo mgonjwa anaamini ndo waliomchomea nyumba, na haya mambo ya kwao Kivu, mashariki ya Kongo, ya nani na nani hayaishi kwa kuvuka bahari. Siku hizi mgonjwa akinyamaza ghafla namwomba mtaalamu tusimame kidogo, namuuliza mama, ungependa mkalimani mwingine? Wengine wanasema ndiyo, na natoka bila kinyongo.

Sasa ndugu msomaji atasema tiba ya kuongea ni mambo ya Wazungu. Utafiti uliochapishwa 2013 ulifanyika hukohuko Kivu, vijijini, kwa wanawake 405 waliofanyiwa ukatili wa kijinsia, na waliotoa huduma hawakuwa madaktari, walikuwa Wakongomani wa hapohapo waliopewa mafunzo na kusimamiwa. Vijiji vingine wanawake waliwekwa kwenye vikundi wakafundishwa kuyachambua mawazo yanayowarudia, vijiji vingine wakapata msaada wa mtu mmojammoja. Miezi 6 baada ya tiba, kwenye vikundi waliobaki na dalili za sonona au wasiwasi mkubwa walikuwa 9 kwa kila 100, kule kwingine 42. Vikundi, jamani. Sisi tunaoweka vikoba tukakaa mkekani tukaelezana ya ndani, hivi kitu hiki ni kigeni kwetu?

Na kambi ya Nakivale kule Uganda wakimbizi wenyewe walifundishwa wiki 6 kuwatibu wenzao kwa njia ya kusimulia maisha. Unatandaziwa kamba sakafuni, kuzaliwa kwako upande huu leo upande ule, unaweka mawe palipokuwa na mabaya na maua palipokuwa na mazuri, alafu mnaisimulia kamba yote taratibu mpaka mwisho. Nimekalimani kazi hiyo na baba mmoja. Mawe aliyapanga haraka, wala hakutazama. Ua la kwanza alilishika mkononi karibu dakika kumi, mwisho akaliweka, akasema hii ni siku nilinunua kinga, Nyarugusu (kinga wanaita baiskeli), alafu akaniambia kwa sauti ya chini, mama, toka nianze kuulizwa maswali hakuna mtu aliniuliza siku nzuri.

Lingine ni kwamba kiwewe cha watu hawa hakijaisha tukakiita cha zamani. Tarehe 20 Januari 2025 serikali ya huku ilitoa amri ya kusimamisha kupokea wakimbizi, watu waliokuwa na tiketi za ndege wakafutiwa safari. Yule mama wa simu binti yake alikuwa anasubiri. Kwa hiyo mtaalamu akimwambia sasa uko salama, sahau, anamwambia nusu ya ukweli, maana nusu ya mwili wa mama huyo iko Kasulu inapanga foleni ya unga. Wanachofanya naye sasa ni kitu kidogo: simu ikiita usiku anakaa kwanza kitandani, anakanyaga sakafu kwa miguu yote miwili, anashusha pumzi, ndipo anaifuata. Na mlio wa simu za binti yake kaubadilisha mwenyewe, hakuambiwa na mtu, akaweka kwaya yao.

Ninachoomba ni hiki. Vyuo vyetu vinavyofundisha wanasaikolojia na washauri nasaha, muwafundishe vijana na Kiswahili cha ng'ambo ya ziwa, wagonjwa wao wako Kigoma sa hivi, hata Marekani hawahitaji kuja. Ninyi mlio huku mnaopewa zamu za ukalimani kwa sababu mnajua lugha, nendeni mkasomee ukalimani wa hospitali, na mkitoka hapo someeni ushauri wenyewe, tunao wachache sana. Na ndugu yangu aliyeuliza wanalia nini, nakuomba ukipata nafasi muulize mmoja wao, ila umuulize ukiwa umekaa na una muda.

Mhariri, maneno ya yule mama na ya yule mzee nakuomba uyachape kama nilivyoyaandika, wasahihishaji wenu wasiyaguse.

Mkalimani, mzaliwa wa Ujiji
Jina limehifadhiwa kwa ajili ya wagonjwa