Barua ya wazi kwa Mwenyekiti wa Kamati ya Kanuni za Besiboli ya NCAA (chama cha michezo ya vyuo vya Marekani), Indianapolis

Ndugu Mwenyekiti,

Yah: Kikomo cha mipira ambayo mrushaji wa chuo anaweza kurusha kwa siku

Ubingwa wa LSU (Chuo Kikuu cha Jimbo la Louisiana) wa 2023 husimuliwa kwa magongo. Watu hukumbuka Tommy White alivyoutoa mpira nje ya uwanja katika iningi ya 11 (iningi ni awamu ambayo kila timu hupiga mara moja, na mechi ya kawaida huwa nazo 9) na kuifungisha virago Wake Forest 2-0, kisha mechi ya tatu ya fainali dhidi ya Florida iliyoisha 18-4. Sisi tunakuomba uutazame ubingwa ule kutoka kwenye kituta cha mrushaji, maana hapo ndipo ulipopatikana, na hapo ndipo kanuni zenu ziko kimya.

Tarehe 22 Juni, katika mechi hiyo ya Wake Forest, mrushaji wa LSU Paul Skenes alirusha iningi 8 bila kuruhusu pointi, mipira 120. Fainali dhidi ya Florida, za mechi tatu, zikaanza tarehe 24 na kocha Jay Johnson hakumpandisha tena kitutani. Tarehe 25 LSU ilipigwa 24-4, na hata mvua hiyo ya pointi ilipokuwa ikinyesha mrushaji Thatcher Hurd aliachwa benchi. Kesho yake Hurd akarusha iningi 6, kombe likaenda Baton Rouge, nyumbani kwa LSU. Kukubali kipigo cha aibu mbele ya uwanja mzima ili mkono wa kesho ubaki salama kunataka kifua, na si kila kocha anacho.

Lakini tusimpambe mno. Skenes huyohuyo alikuwa amevuka mipira 105 dhidi ya Tennessee tarehe 17. Hesabu: 18, 19, 20, 21. Siku nne. Jedwali la mapumziko la Pitch Smart, lililoandaliwa na MLB (ligi kuu ya besiboli Marekani) pamoja na USA Baseball, linamtaka kijana wa miaka 19 hadi 22 aliyevuka mipira 105 apumzike siku 5. Timu iliyokuwa makini kuliko nyingi ilipungukiwa siku moja, wala hakuna kanuni ya kwenu iliyovunjwa, kwa kuwa haipo.

Jedwali lenyewe halina ugumu. Mipira 1 hadi 30, si lazima kupumzika. 31 hadi 45, siku 1. 46 hadi 60, siku 2. 61 hadi 80, siku 3. 81 hadi 105, siku 4. Zaidi ya hapo siku 5, na 120 ndiyo dari ya siku moja.

Kanuni isipokuwepo, busara ya kocha ndiyo hubaki, na busara huyeyuka mechi inapokuwa sare. Tarehe 30 Mei 2009, Texas na Boston College zilikwenda iningi 25. Austin Wood wa Texas, ambaye siku iliyotangulia alikuwa amerusha, aliingia akiwa mrushaji wa akiba na kurusha iningi 13, mipira 169. Texas ilishinda 3-2. Magazeti yalimwita shujaa, na ushujaa alikuwa nao, ila mtu mzima mmoja alipaswa kumtoa.

Kano ya upande wa ndani wa kiwiko ndiyo hubeba mvuto mkono unapolala nyuma, kabla ya mpira kuachiwa. Misuli ya kigasha huisaidia. Ikichoka, kano hubaki peke yake na mzigo uleule. Uchovu wenyewe huanzia miguuni: hatua hufupika, bega la mbele hufunguka mapema, kiwiko hushuka, mpira hupaa. Kwa aliye benchi, dalili ya kwanza ni glavu ya mdakaji. Ameiweka usawa wa goti, mpira unamfikia kifuani. Mara mbili mfululizo, basi simu ipigwe kwa wanaopasha mikono. Kano ikishakatika, daktari hupandikiza nyingine iliyotolewa kwingine mwilini, kazi aliyoianza Dk. Frank Jobe mwaka 1974 kwa Tommy John, na mrushaji hukaa nje miezi 12 hadi 18. Hapo msimu mzima wa kijana wa chuo umekwenda, pengine na wa pili.

Tunajua mtatujibu kwamba ratiba ya mtoano, ambapo timu hutoka ikipoteza mechi mbili, hairuhusu. Tupige hesabu. Timu inayopoteza mechi ya kwanza Ijumaa katika kundi la timu 4, ikitaka kusonga mbele, hucheza mechi 5 hadi Jumatatu, yaani iningi 45. Kwa wastani wa mipira 16 kila iningi, ni mipira 720. Warushaji watatu wa kuanza, 100 kila mmoja, wanabeba 300. Zinabaki 420, ambazo ni zamu 10 za mipira isiyozidi 45, na kila aliyerusha hivyo anarudi baada ya siku 1. Inawezekana kwa warushaji 10 au 11. Zamani vyuo vililia kwamba nafasi za ufadhili wa masomo ni 11.7 tu kwa timu nzima (hiyo 0.7 ya mwanafunzi hatujawahi kuielewa), lakini tangu msimu wa 2026 chuo kilichoingia katika utaratibu mpya, ulioondoa kikomo hicho, kinaweza kufadhili wachezaji wote 34.

Tunachotaka kiandikwe ni hiki. Kikomo kiwe mipira 120, na mrushaji akikifikia katikati ya mpigaji ammalize huyo kisha atoke. Mechi mbili za siku moja zijumlishwe. Mapumziko ya jedwali yawe sheria kuanzia mechi za makundi hadi Omaha, zinakochezwa fainali. Mvua ikisimamisha mchezo zaidi ya saa moja, aliyekuwa kitutani asirudi. Mhesabuji awe wa mashindano, akae mezani na msajili wa pointi, na kila baada ya iningi alinganishe daftari na timu zote mbili, kwa sababu ugomvi wa hesabu ukiachwa hadi iningi ya saba hausuluhishiki.

Kuna pia mipira isiyoonekana. Mrushaji wa akiba huinuliwa apashe mkono, akaketishwa, akainuliwa tena, na mwisho haingii. Daftari linasema sifuri, kiwiko kimerusha 40 au 50. Hapa hatuna kikomo cha kupendekeza. Tunaomba tu kwamba, kuanzia Februari, kila kuinuliwa kuandikwe.

Wako,
Makocha na wazazi wa warushaji