Alteneta niliyouziwa bila haja

Tudor, Mombasa

Kwa Meneja,
Kitengo cha Umeme wa Magari.

Bwana Meneja,

KUH: KUTOZWA SH. 17,500 KWA KOSA LA WAYA WA ATHI

Mwezi uliopita nilileta kwenu Probox yangu. Usiku nikiwasha indiketa, taa za dashibodi zilikuwa zikikonyeza pamoja nayo, na nikipiga honi taa za mbele zinafifia kama koroboi iliyoishiwa mafuta. Gari lenyewe lilikuwa likiwaka kwa jaribio la kwanza, kila asubuhi. Fundi wenu hakutoa mita ya kupimia volti. Alisikiliza injini, akatikisa kichwa, akasema alteneta, ile inayochaji betri, imekufa. Nikalipa Sh. 14,500 za alteneta ya mtumba na Sh. 3,000 za ufundi. Ya zamani sikurudishiwa. Na kwa kuwa mkoba nilikuwa nishaufungua, nikauziwa na vitambaa vya viti vya nailoni.

Kabla sijapita Buxton, taa zilikuwa zinakonyeza vilevile.

Juma lililofuata nikapeleka mzigo Voi, kiyoyozi kikifanya kazi njia nzima. Nashuka, nagusa mlango, pa! Nilipowapigia simu mkasema stima inavuja kwenye alteneta mpya, nilete gari likaguliwe, kwa malipo mengine. Bwana Meneja, injini ilikuwa imezimwa na ufunguo uko mfukoni. Tena betri ya volti 12 haitoi cheche ya kuruka hadi kwenye kidole cha mtu. Ni nailoni yenu iliyosuguana na nguo zangu ikanijaza chaji, na Voi hewa ni kavu, haina unyevu wa hapa kwetu wa kuimaliza ile chaji kabla sijashuka. Siku hizi nashika chuma cha mlango kabla sijainuka kitini, na sijapigwa tena. Dawa hiyo haikunigharimu hata ndururu.

Taa nazo zilitengenezwa na kijana wa Kisauni ambaye gereji yake ni kivuli cha mwarobaini. Aliwasha taa zote, akaweka ncha moja ya mita kwenye hasi ya betri na nyingine kwenye bodi. Ikasoma volti 1.8, pale ambapo inatakiwa kuwa karibu na sufuri. Akaufuata waya wa athi, ule unaounganisha hasi ya betri na bodi, mpaka ulipofungwa: kichwa chake kimeota unga wa kijani, bolti imeliwa na kutu. Chumvi ya bahari hiyo, na sijui fundi gani wa Mombasa asiyeijua. Akaparuza kwa msasa, akakaza, akapaka grisi. Mita ikashuka hadi 0.05 na taa zikatulia. Alitaka Sh. 300, nikaona haya, nikampa 500.

Alteneta yenu haina ubaya, inachaji volti 14.2. Lakini yangu nayo haikuwa na ubaya. Fungueni yenu, mnifungie yangu, mnirudishie Sh. 17,500. Kama mshaiuza, semeni. Vitambaa nitabaki navyo, tabia yake nishaijua.

Nimeambatisha risiti na picha za mita. Nawapa siku 14, kisha nitakwenda Mahakama ya Madai Madogo, ambako kesi za hadi Sh. milioni 1 husikilizwa na wakili si lazima.

Mimi,
Mteja wenu wa Tudor